Nilidhani baiskeli inanijengea mifupa, kipimo kikasema vingine

Mpiga_Pedali

Wakuu salaam.

Nimechoka kusimulia habari hii kwa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo naimwaga yote hapa. Mimi ni mwanamume wa miaka 52. Sivuti sigara, pombe naionja kwenye sherehe tu. Kwa miaka ishirini nimeendesha baiskeli karibu kila siku, na siku ambazo sikuendesha nilikuwa kwenye maji naogelea. Suruali za ujanani bado zinanienea. Yaani nilikuwa yule jamaa anayewakera wenzake ofisini kwa mahubiri ya afya.

Mwaka juzi nikateleza bafuni. Ningeelewa kama ni mteremkoni kwenye mwendo wa kasi, lakini hapana, ni bafuni, mswaki mdomoni. Nikatanguliza mkono wa kushoto na kifundo kikaenda. Nikafungwa hogo. Daktari wa kwanza akasema ni ajali tu, ninywe maziwa. Wa pili, siku ya kutolewa hogo, akaniuliza swali moja: "Ulianguka kutoka urefu gani?" Nikamwambia nilikuwa nimesimama sakafuni. Akanyamaza, akaandika, kisha akaniambia kwamba mfupa wa mtu mzima unapovunjika kwa kuanguka kutoka kwenye kimo chake mwenyewe, hiyo ni taarifa inayotakiwa kufuatiliwa. Akaniandikia kipimo cha DXA, kinachopima kwa mionzi wingi wa madini kwenye mifupa.

Kwa wasiokijua: unalala chali, miguu wanaiweka juu ya boksi la sponji ili kiuno kilale sawasawa kitandani, mkono wa mashine unapita juu yako taratibu. Kisha wanaugeuza mguu kwa ndani na kuufunga hapo ili shingo ya mfupa wa paja ionekane vizuri. Hakuna sindano, hakuna maumivu, na mionzi yake ni kidogo kuliko ya picha ya kifua. Dakika chache umemaliza.

Majibu: kiuno −2.3, nyonga −1.8.

Namba hizo zinaitwa alama T. Sifuri ni wastani wa kijana mwenye afya. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 1994, kuanzia −1 kwenda juu uko salama, kati ya −1 na −2.5 mifupa imepungua, na −2.5 au chini ya hapo ndiyo osteoporosisi yenyewe, ugonjwa wa mifupa dhaifu. Kila unaposhuka hatua moja, hatari ya kuvunjika inaongezeka takriban maradufu. Mimi nilikuwa nimebakiza sehemu mbili za kumi tu kufika chini kabisa, na mapafu yangu ya mwanariadha.

Nikaanza kusoma. Naomba mnivumilie hapa, maana ndipo penye uhondo.

Mfupa si jiwe. Kila siku kuna seli zinazobomoa vipande vya mfupa uliochoka na nyingine zinazokuja nyuma kujenga upya. Kwa mwaka, karibu asilimia 10 ya mifupa ya mtu mzima inakuwa imebadilishwa. Hadi mwishoni mwa miaka ya ishirini ya umri wajenzi wanawazidi wabomoaji, kisha mambo yanakaa sawa kwa muda, halafu wabomoaji wanaanza kuongoza. Sehemu kubwa ya kiwango chako imeamuliwa na urithi. Watafiti wanakadiria asilimia 60 hadi 80 ya tofauti kati ya mtu na mtu inatokana na damu ya ukoo. Kinachobaki ndicho tunachoweza kukichezea.

Sasa nani anawaambia wajenzi wajenge wapi? Kuna seli za aina ya tatu zilizofukiwa ndani kabisa ya mfupa, zimeunganishwa kwa vijifereji vyenye majimaji. Ukibeba uzito au ukitua kwa kishindo, mfupa unapinda kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni, na majimaji yale yanasukumwa. Seli zinahisi msukumo na kutuma ujumbe kwamba hapa pana mzigo, ongezeni. Pasipo na mzigo ujumbe unakuwa mwingine: hapa hapana kazi, punguzeni. Julius Wolff, daktari Mjerumani, aliliandika wazo la mfupa kufuata mzigo tangu mwaka 1892. Ushahidi wake unaonekana kwa wachezaji wa tenisi: mfupa wa mkono unaoshika raketi huwa mnene kuliko wa mkono mwingine. Mtu yuleyule, chakula kilekile, damu ileile. Upande wa pili waangalieni wanaanga, ambao wakiwa huko juu bila mazoezi ya kutosha hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kwa mwezi mmoja.

Hapo nikaiangalia baiskeli yangu kwa jicho lingine. Unakaa. Uzito wako umebebwa na kiti. Mguu unazunguka bila kugonga chini. Saa tatu za jasho, moyo unashukuru, lakini mifupa ya kiuno haijaambiwa lolote. Kuogelea ndiyo zaidi, maji yanakubeba mzimamzima. Waendesha baiskeli wa barabarani waliopimwa mara nyingi wamekutwa na uti wa mgongo mwepesi kuliko wakimbiaji. Na mimi juu ya hapo nilikuwa mwembamba na mlaji mdogo, kwa sababu wepesi unasaidia mlimani.

Uzi uko wazi, karibuni.

Kunguru_Mweupe

Mkuu pole na mkono. Kwa hiyo maziwa tumedanganywa miaka yote?

Mpiga_Pedali

Hujadanganywa, umeambiwa nusu. Kalsiamu ni tofali na mzigo ndio unaomwita fundi. Ukirundika tofali kiwanjani na fundi hajaitwa, nyumba haipandi. Na fundi akija akakuta hakuna tofali atalitoa kwenye ukuta mwingine, maana damu lazima iwe na kalsiamu yake kila dakika na ghala la mwili ni mifupa.

Kiwango kinachopendekezwa kwa watu wazima wengi ni miligramu 1,000 kwa siku, na 1,200 kwa wanawake waliovuka miaka 50 na kila mtu aliyevuka 70. Kikombe cha maziwa kina kama 300. Samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao ni hazina. Mboga za majani zinatofautiana sana: mchicha wa aina ya spinachi una kalsiamu nyingi kwenye karatasi, lakini una oksaleti inayoishika, na mwili unaambulia kama asilimia 5 tu.

Vidonge visikuchanganye. Marekani walifanya jaribio kubwa kwa wanawake zaidi ya 36,000 waliokwisha koma hedhi, majibu yakatoka 2006. Waliopewa kalsiamu na vitamini D walikuwa na mfupa wa nyonga mnene kuliko wenzao kwa asilimia 1 hivi, kuvunjika nyonga hakukupungua kwa kiasi cha kujivunia, na mawe ya figo yakaongezeka kwa asilimia 17. Mwenye upungufu atavihitaji. Anayekula vizuri ananunua mkojo wa gharama.

Kunguru_Mweupe

😂😂 "mkojo wa gharama". Nimeelewa.

Mama_Wawili

Asante kaka kwa uzi. Mimi ni dada yako wa miaka 54, hedhi imekoma miaka mitatu iliyopita. Mama yangu mzazi alivunjika nyonga akiwa na 71 na hakusimama tena vizuri. Ninatembea dakika arobaini kila asubuhi. Inatosha au najidanganya? Na nikinyanyua vyuma ili mifupa ipate huo mzigo, mtu kama mimi si nitavunjika kabla sijafaidika?

Mchua_Misuli

Dada, hilo niachieni mimi, ndiyo kazi yangu ya kila siku (fiziotherapia).

Kwanza, habari ya mama yako usiiache nyumbani ukienda kwa daktari. Kuna kikokotoo kinaitwa FRAX, kilitolewa na Chuo Kikuu cha Sheffield mwaka 2008, kinakadiria hatari ya kuvunjika ndani ya miaka kumi. Moja ya maswali yake ni kama mzazi wako alivunjika nyonga. Mengine ni umri, uzito na kimo, kama uliwahi kuvunjika, sigara, dawa za steroidi, baridi yabisi, na pombe ya vipimo vitatu au zaidi kwa siku.

Pili, uko kwenye kipindi kibaya kuliko vyote. Estrojeni, homoni ya kike, ndiyo inayowashika mkono wabomoaji. Ikiondoka wanaachiwa. Mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mifupa yake katika miaka mitano hadi saba baada ya hedhi kukoma. Kwa hiyo kapime sasa, usingoje.

Tatu, kutembea. Endelea, ni kuzuri kwa moyo, akili na usawa wa mwili. Lakini mfupa wako umekuzoea ukitembea tangu una mwaka mmoja, haushtuki. Unahitaji kitu ambacho haukukitarajia: kizito, cha haraka, au cha upande tofauti. Na hauhitaji vingi. Baada ya marudio machache zile seli zinaacha kusikiliza, ni kama mtoto anayeitwa jina lake mara mia. Ndiyo maana miruko michache kila siku inaweza kuupa mfupa ujumbe ambao saa nzima ya kutembea haiutoi.

Nne, vyuma. Hofu yako naielewa, hata sisi tulifundishwa kuwaambia wenye mifupa mepesi wasinyanyue kitu. Kisha Waaustralia wakafanya jaribio linaloitwa LIFTMOR, likachapishwa 2018. Wanawake waliokoma hedhi na mifupa yao imepungua, mara mbili kwa wiki, nusu saa, chini ya msimamizi, wananyanyua vyuma vizito kweli: kutoka sakafuni, mabegani wakichuchumaa, juu ya kichwa, pamoja na kuning'inia kwenye nondo na kujiachia watue kwa kishindo. Baada ya miezi minane mfupa wa kiuno ukaongezeka asilimia 2.9. Wenzao waliofanya mazoezi mepesi nyumbani walishuka asilimia 1.2.

Sisitizo ni neno msimamizi. Hawakuanza na uzito huo, walipandishwa taratibu wakifundishwa namna ya kushika na kupumua. Mwenye pingili zilizokwisha bonyea au maumivu mapya ya mgongo asiige chochote humu kabla ya kuonwa. Na kuna kitu kimoja nisichokipenda kwa mwenye uti mwepesi: kuinama mgongo ukiwa duara huku umebeba kitu, au kulala chali na kujikunja kukaa mara hamsini. Pingili zinabonyea kwa mbele hivyohivyo.

Mama_Wawili

Mungu akubariki. Kumbe mama alikuwa anafupika, tukawa tunamtania.

Mchua_Misuli

Ndivyo inavyokuwa, dada. Pingili nyingi zinabonyea kimyakimya, mtu anadhani ni mgongo wa uzee. Aliyepungua sentimita nne kutoka kimo chake cha ujana anastahili picha ya uti wa mgongo.

Tembo_Mtulivu

Mimi kilo 118. Kama mifupa inapenda mzigo basi yangu ni chuma cha reli 😎

Mpiga_Pedali

Kuna ukweli ndani yake, Tembo. Wembamba ni hatari inayojulikana, na mimi ni shahidi. Watu wazito kwa kawaida wana alama T nzuri. Mzigo upo muda wote, halafu mafuta ya mwilini yanatengeneza estrojeni kidogo, hata kwa wanaume.

Mchua_Misuli

Ila asishangilie mapema. Wanene hawavunjiki nyonga sana, lakini kifundo cha mguu na mfupa wa juu wa mkono wanavunja kuliko wembamba, maana wanapoanguka wanaanguka kwa uzito wote. Na kama kuna kisukari aina ya pili, hapo kipimo kinadanganya kabisa: alama inatoka nzuri na mtu anavunjika hivyohivyo, kwa sababu ubora wa mfupa umeharibika na mashine haioni ubora, inaona madini tu.

Akipunguza uzito, na apunguze akinyanyua vyuma na kula protini ya kutosha. Anayejinyima chakula peke yake anapoteza na mfupa.

Tembo_Mtulivu

Sukari ninayo. Mmenikata maini.

Msaka_Jua

Mbona hamgusi jua? Vitamini D ndiyo kila kitu.

Mpiga_Pedali

Ni mlango wa kalsiamu kuingia mwilini, mkuu, kwa hilo tuko pamoja. Ukiikosa kabisa mifupa inalainika. Lakini ukishakuwa nayo ya kutosha, kuongeza juu yake hakukujengei ghorofa. Jaribio la VITAL la Marekani liliwapa watu wazima wenye afya ya kawaida yuniti 2,000 kila siku kwa miaka mitano hivi, na taarifa ya 2022 ikaonyesha hawakuvunjika mifupa pungufu ya wenzao waliopewa vidonge bandia. Mzee asiyetoka ndani, anayejifunika mwili wote, au mwenye ugonjwa wa utumbo, huyo apimwe na apewe.

Nyota_ya_Saba

Samahanini kuingilia. Nina pumu, natumia prednisoloni (dawa ya steroidi) miligramu 7.5 kila siku karibu mwaka wa pili. Hakuna aliyewahi kuniambia habari za mifupa. Niache?

Nesi_Mstaafu

Mwanangu, USIACHE GHAFLA. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Mwili wako umeacha kutengeneza steroidi yake, ukikata ghafla unaweza kupoteza maisha.

Lakini swali lako ni la haki na ulipaswa kuambiwa mapema. Kuanzia miligramu 5 kwa siku kwa miezi mitatu na zaidi, mifupa inahesabiwa kuwa hatarini, na upotevu ni wa kasi zaidi miezi ya mwanzo. Rudi kwa daktari wako na maswali matatu kwenye karatasi: dozi inaweza kupunguzwa? Naweza kupewa zaidi dawa ya kuvuta? Napimwa lini DXA, na nahitaji dawa ya kulinda mifupa? Asipokujibu, muulize mwingine.

Kina dada wanaotumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu nao watauliza, kwa hiyo najibu kabisa. Ndiyo, inapunguza mifupa kwa kuwa inashusha estrojeni, na Marekani waliiwekea onyo mwaka 2004. Kwa wengi inarudi baada ya kuacha. Kunyonyesha vilevile: mama anatoa asilimia kadhaa ya mfupa wake kwa mtoto, kisha mwili unarudisha baada ya kuachisha. Hiyo haiogopwi.

Na binti mwanariadha ambaye hedhi imekata kwa sababu ya kukimbia sana na kula kidogo, huyo ndiye ninayemwogopea kuliko wote. Anakosa miaka ya kujenga.

Nyota_ya_Saba

Asante bibi. Nimeshayaandika maswali.

Kunguru_Mweupe

Kahawa na soda je? Semeni tu nijue nimebakiza starehe gani.

Mpiga_Pedali

Kahawa ya kawaida kwa mtu anayepata kalsiamu yake, kunywa. Cola ilihusishwa na nyonga nyepesi kwa wanawake katika utafiti wa Framingham, Marekani, wa 2006, kwa wanaume haikuonekana. Huenda ni kwa sababu inachukua nafasi ya kinywaji chenye faida. Chumvi nyingi inatoka na kalsiamu kwenye mkojo. Lakini ukinibana nipange kwa uzito, hayo yote ni mambo madogo mbele ya sigara. Sigara inashusha estrojeni, inapunguza kalsiamu inayofyonzwa, inachelewesha hata mfupa uliovunjika kuunga.

Kunguru_Mweupe

Hiyo ya mwisho ulijua unaniambia mimi.

Mama_Wawili

Kaka Pedali, na wewe sasa? Ulipima tena?

Mpiga_Pedali

Nilipima mwezi uliopita. Mwaka mmoja na nusu wa vyuma mara mbili kwa wiki, miruko thelathini kila asubuhi jikoni, chakula kimeongezeka, nimepanda kilo nne. Bafuni nimeweka zulia la mpira na mswaki napiga nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja, kwa sababu Mchua_Misuli aliwahi kuniambia faragha kwamba nyonga nyingi zinavunjika kwa kuanguka, kwa hiyo asiyeanguka ameshinda nusu ya vita bila kujenga hata gramu.

Kiuno kilikuwa gramu 0.838 kwa sentimita ya mraba, sasa ni 0.857. Alama imetoka −2.3 kuja −2.1. Nikapiga kelele pale pale chumba cha kipimo.

Mchua_Misuli

Hongera, ila nisipokwambia nitakuwa nimekusaliti. Hiyo ni asilimia 2 na kitu. Mashine yenyewe, ukipimwa leo, ukashuka kitandani na ukapanda tena, inaweza kutofautiana karibu kiasi hicho. Wengi hawasemi kuna badiliko la kweli mpaka lifike asilimia 3 hivi. Tena ukipima mwakani pima kwenye mashine ileile, ukibadilisha mashine namba hazilinganishiki. Ninachoweza kukuhakikishia ni kwamba hujashuka, na kwa umri wako hilo si dogo.

Mpiga_Pedali

Fundi wa mashine ya kipimo alinipa tahadhari hiyohiyo, nikajifanya sijasikia 😂

Tembo_Mtulivu

Na baiskeli umeiuza?

Mpiga_Pedali

Thubutu. Ninakaa ghorofa ya tatu. Zamani nilikuwa naifunga chini kwenye nguzo. Siku hizi naiweka begani napanda nayo, asubuhi nashuka nayo. Jirani wa ghorofa ya pili ameshaniuliza mara mbili kama kuna wizi.